Wakili wa Glenda Anajua Kuvuka Barabara

Kabla sijafika kwenye habari ya nyumba, lazima umjue Glenda Helliwell akiwa kazini, maana hapa Hollin Bridge hakuna mwenye madaraka kumshinda. Meya tunaye, sema jina lake sijui. Glenda ndiye tunayemjua wote. Asubuhi na mchana anasimama mbele ya shule na koti refu la njano linalong'aa, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, mkononi ameshika ile fimbo ndefu yenye duara juu la kuamuru magari yasimame. Akiweka mguu barabarani, kila kitu kinatulia. Lori la mawe linatulia, basi la Halifax linatulia. Kuna mwaka hata gari la maiti lilisimama, wafiwa wakasubiri na huzuni yao mpaka mtoto wa mwisho alipomaliza kuokota glavu yake. Hakuna aliyenung'unika. Nusu ya wale wafiwa yeye ndiye aliyekuwa akiwavusha walipokuwa wadogo.

Ni mfupi, ana sauti ya kumwita mbwa kutoka mlima wa pili, na kwake kila mtu ni "kipenzi", awe mtoto wa chekechea au fundi bomba mwenye ndevu. Usivimbe kichwa, ndivyo watu wa Yorkshire wanavyoongea. Akikuita "kipenzi" polepole, na kila herufi inasikika, ujue umeharibu.

Sasa nyumba. Bonde letu ni jembamba, na wale waliojenga viwanda vya nguo zamani walikosa pa kuwaweka wafanyakazi, wakapandanisha nyumba juu ya nyumba. Ya chini mlango wake unatazama Foster Street. Juu yake kuna nyumba nyingine kabisa, ya mtu mwingine kabisa, na mlango wake uko upande wa pili, kwenye barabara ya juu inayoitwa Zion Terrace, kwa sababu huko mlima umeshapanda. Glenda anakaa ya chini, amepanga. Juu, kwenye nyumba yake mwenyewe, anakaa Clifford Barraclough, mstaafu wa kiwanda cha mazulia. Kati ya kichwa cha Glenda na ndara za Clifford kuna mbao tu, na plasta iliyopakwa chini yake. Lakini Glenda akitaka kumtembelea, inabidi atembee mpaka mwisho wa mtaa, apande ngazi za mawe zenye utelezi, kisha arudi upande wa juu. Safari hiyo alikuwa hajaifanya tangu mumewe afariki.

Roy, mumewe, alikuwa mpigaji wa tarumbeta kubwa kwenye bendi ya mji, lile unalolikumbatia kama mtoto aliyelala. Hapa kwetu tarumbeta si mali ya mpigaji, ni mali ya bendi. Mtu akifa linarudi, linasuguliwa, anapewa anayefuata kwenye kiti. Roy alipokufa likapewa Clifford. Kwa bendi lilikuwa jambo la kawaida kabisa, wala hakuna aliyekumbuka kwamba Clifford anakaa juu ya dari ya mjane.

Basi kila Jumanne jioni Clifford anafanya mazoezi. Tarumbeta la Roy, wimbo wa kanisani alioupenda Roy, na kila mara Clifford anaukimbiza kama anawahi basi. Glenda naye anachukua fimbo yake ya kazini, anagonga dari. Du, du, du. Sisi wa mtaani tumezoea sauti hizo mbili. Watani wanasema hii ndiyo bendi pekee duniani yenye ngoma chini ya sakafu. Lakini kuongea, hawaongei. Wakikutana dukani Clifford anageuka kusoma makopo ya maharage kwa bidii, utadhani ana mtihani kesho.

Mwenye nyumba ya Glenda akafa, mzee wa watu, na warithi wake wanaoishi huko pwani ya kusini wakaamua kuuza. Walikuwa waungwana kidogo: walimwambia Glenda anunue yeye kwanza, ila mambo yawe yamekamilika kabla shule hazijafungwa kwa likizo ya kiangazi. Akishindwa, kuna mume na mke kutoka London wanaotaka mahali pa kulala wakija kupanda milima. Glenda alikuwa na akiba aliyoachiwa na Roy, na benki ilikubali kumwongezea mkopo mdogo unaolingana na umri wake. Dada yake alimpigia simu kumshauri ahamie kwake Bradford, kuna chumba. Glenda akamwambia ndani ya nyumba ile aliingia akiwa bibi harusi na atatoka akiwa amebebwa, na kama dada ana chumba kitupu aweke mpangaji.

Kilichobaki ni wakili. Huku kwetu hununui nyumba bila wakili wa kukagua hati, kuwasiliana na benki na kubishana na wakili wa muuzaji. Dalali, kijana mmoja aitwaye Jarrod mwenye viatu vyenye ncha, alikuwa na jibu tayari: kuna kampuni ya mtandaoni, bei nafuu, nyota tano, kila kitu kwenye simu, huhitaji hata kuvaa viatu. Hakusema kwamba kila akipeleka mteja huko naye anapata chake. Hilo alilisema mtu kwenye kundi letu la mji la mtandaoni, ambako mpwa wa Glenda aliuliza kama kuna anayemjua wakili mzuri. Majibu yalimiminika. Wawili walitaja mawakili, mmoja akaeleza talaka yake yote kwa mfululizo, mwingine akauliza kama kuna aliyemwona paka wake, na waliobaki wakaanza kugombana kuhusu maegesho.

Glenda akasema nyota hazimsaidii, yeye atawapima mwenyewe. Akatunga swali moja, hilo hilo kwa kila mmoja: dari ni ya nani?

Alianza na ile kampuni ya Jarrod, asije kuambiwa ana ubaguzi. Akapiga simu. Kijana wa kwanza alikuwa mpole, akampeleka kwa wa pili. Wa pili akasema faili liko kwa wa tatu. Wa tatu alipoulizwa habari ya dari akauliza kama mama ana tatizo la unyevu. Glenda akaeleza kwamba juu ya nyumba kuna nyumba. Kijana akasema kwenye ramani yake anaona jengo moja. Glenda akamwambia, polepole sana, "Kipenzi, ramani yako inatutazama kutoka juu. Mimi nipo chini." Akakata simu.

Wakili wa pili alikuwa Julian Ormerod, hapa hapa mjini, ofisi yenye kibao cha shaba tangu enzi za babu yake. Jarrod mwenyewe alikubali kwamba huyo naye anafaa. Julian akamkaribisha Glenda kwa chai kwenye kikombe chembamba. Kuhusu dari alicheka, akasema nyumba zote za mtaa ule ziko hivyo, zimenunuliwa na kuuzwa miaka nenda rudi, na hakuna aliyewahi kudondokewa na jirani.

Glenda alimaliza chai, akashukuru, akaondoka. Nje mpwa wake akamuuliza tatizo ni nini tena, si ni mtu wa hapa, ana adabu, ana kibao?

"Nimemvusha yule," Glenda akasema. "Miaka yote ya shule alikuwa anaruka kabla sijamwambia. Mara zote alifika salama, basi akadhani ni akili yake. Kumbe ni mimi nilikuwa nasimamisha malori."

Wa tatu alikuwa Nosheen Akhtar, ofisi yake juu ya duka la samaki na chipsi, ngazi nzima inanuka siki. Mpwa aliingiwa na wasiwasi kwa sababu Nosheen ni kijana na nyota zake mtandaoni zilikuwa chache. Glenda akamwambia huyo pia kamvusha, akamsimulia njia nzima. Nosheen alikuwa mtoto wa kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Hata Glenda akishaingia barabarani na magari yote yamesimama, yule mtoto bado ananyoosha kidole: na lile gari jeupe pale nyuma, limetuona? Wenzake walimcheka, wakamwita Bibi Kobe. Glenda alikuwa akienda nyumbani anamwambia Roy kwamba yule siku moja atakuwa mtu wa maana au atachelewa kila mahali.

Alivyoulizwa swali la dari, Nosheen alichukua mwavuli, akaomba aione. Akasimama katikati ya sebule ya Glenda akitazama juu mpaka shingo ikamuuma. Akatoka nje, akatazama mabomba ya mvua. Akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akapanda ngazi, akazunguka Zion Terrace, akakaa huko muda mrefu akikagua paa kutoka barabarani, mapazia ya watu yakitikisika. Alirudi viatu vimejaa maji. Glenda alikuwa ameshamkatia kipande kikubwa cha keki ya shayiri na tangawizi.

"Haya, dari ni ya nani?"

"Hati haisemi, Bi Helliwell," Nosheen akasema. "Haisemi dari, haisemi paa, haisemi nani analipa paa likivuja. Kwa sasa hivi hiyo dari haina mwenyewe."

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikigonga dari ya nani?"

"Hilo nisingelitaja mbele ya benki."

Hapo Glenda alijua amepata wakili.

Nosheen alimweleza bila kumzungusha. Benki haitatoa pesa nyumba ikiwa imefunikwa na paa la mtu ambaye hakuahidi chochote, na inashikilia nyumba ya mtu huyo huyo, ambaye naye hakuahidiwa kitu. Julian hakuwa amedanganya kwamba watu wananunua, ila benki za siku hizi hazicheki naye. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni bima ya kufidia upungufu wa hati. Ni rahisi, inapatikana haraka, na sharti lake kubwa ni kwamba pasiwe na mtu yeyote aliyemgusia jirani wa juu habari hiyo. Ukishamwambia tu, bima hupati tena.

"Nisiongee na Clifford?" Glenda akasema. "Kipenzi, hiyo nina digrii yake."

Njia ya pili ni mkataba kati ya nyumba ya juu na ya chini: nani anatunza nini, paa wagawane nusu kwa nusu, na usainiwe na Clifford kwa mkono wake. Akikataa ndiyo basi, bima imeshapotea, na wale wapanda milima wa London wananunua.

Mpwa alishaanza kushangilia bima. Sisi wote tungeshangilia bima. Glenda akauliza maji yakianza kudondoka, hiyo bima itapanda paani? Nosheen akasema hapana, italipa hasara inayoletwa na hati, ila haitamfanya Clifford amfungulie mlango. Glenda akamuuliza kama ingekuwa nyumba yake angefanyaje. Nosheen akasema wakili hatakiwi kumchagulia mteja. Akatafuna keki. Kisha akasema yeye angetazama kulia tena.

Glenda akainuka, akavaa koti lake la njano. Nosheen akamwomba angalau asubiri auandike huo mkataba kwanza. Akasubiri. Hiyo ilikuwa sehemu ngumu kuliko zote, kumsubirisha Glenda.

Mkataba ulipokuwa tayari alizunguka mtaa kwa miguu yake, na fimbo mkononi kwa sababu ngazi zina utelezi. Nosheen akamfuata kwa nyuma na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Kwenye Zion Terrace watu walitoka na mapipa ya taka ingawa haikuwa siku ya taka. Kundi la mtandaoni lilikuwa limewaka moto, mtu ameshaandika "ANAPANDA" kwa herufi kubwa.

Clifford alifungua mlango akiwa na ndara. Ni mrefu, mwembamba, anainama kila mlangoni hata mlango ukiwa mkubwa. Alimtazama Glenda, akatazama fimbo.

"Nilidhani umekufa," akasema. "Ila Jumanne ukagonga."

Glenda akasema amekuja kwa habari ya nyumba, aingie au aongelee mvuani mtaa wote usikie? Clifford akawapisha. Nosheen akamweleza mzee kila kitu kwa utaratibu, akamwambia kabisa kwamba yeye ni wakili wa Glenda si wake, na ana haki ya kwenda kwa wakili mwingine kabla ya kusaini. Clifford akauliza nani, Julian? Yule aliwahi kumgonga na baiskeli.

Lakini kusaini alikataa. Hakupiga kelele. Alisema tu hapana, akasimama, akamwambia Glenda amfuate. Akampandisha ngazi nyembamba mpaka chini ya paa. Kule juu kulikuwa na ndoo, masufuria, beseni la kuogeshea mtoto, kila kimoja kimewekwa mahali pake chini ya tone lake. Akamwonyesha vigae alivyobadilisha mwenyewe, kimoja kimoja, kwa ngazi ya kuazima. Clifford alimwandikia mwenye nyumba ya chini mara nyingi kuomba nusu ya gharama, hakujibiwa hata salamu.

"Na wewe huko chini umekauka kama biskuti," akasema. "Maji yote yanaishia kwangu."

"Hukusema."

"Nimwambie nani, Glenda? Fimbo?"

Tone lilidondoka kwenye sufuria, likadondoka jingine. Glenda akashika ukingo wa beseni kama anapima uzito wake. Kisha akageuka.

"Soma hiyo karatasi," akasema. "Nusu ya paa ni yangu. Imeandikwa. Siku nikiwa mwenye nyumba utanidai, na unajua napatikana wapi, nusu ya mji inapita mbele yangu kila asubuhi. Nisipokuwa mimi, utawadai watu wa London wanaokuja kulala mara mbili kwa mwaka. Waandikie. Unajua kuandika barua zisizojibiwa."

Clifford akarudi chini, akavaa miwani, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu, kidole kikifuata mistari. Tarumbeta lilikuwa kwenye kiti kando yake, linang'aa, na Glenda alikuwa anajitahidi kutazama kila kitu isipokuwa hicho kiti. Mzee akaliona hilo pia.

"Unagonga kwa nini?" akauliza, bado anasoma.

"Unaukimbiza mstari wa tatu."

"Najua. Ukigonga napunguza mwendo." Akageuza ukurasa. "Nilidhani ndiyo kazi ya kugonga."

Glenda akakaa. Hakuna aliyemkaribisha, akakaa tu, koti la njano linachuruzika kwenye zulia.

"Roy alikuwa anavuta pumzi pale," akasema baadaye. "Kabla ya wa tatu. Kwenye karatasi ya wimbo haipo. Alikuwa anavuta tu, ndefu, halafu anaingia."

Clifford aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Akaomba kalamu. Akasaini, na Nosheen akasaini kama shahidi, akaangalia tarehe, akaangalia majina, kisha akaangalia tarehe tena. Clifford akauliza kama huyu binti huwa hivi siku zote. Glenda akasema tangu akiwa na meno ya utoto.

Benki ikatoa pesa. Mauzo yalikamilika shule bado haijafungwa, na kwa utaratibu Jarrod alitakiwa kumkabidhi mnunuzi funguo. Akaja na viatu vyake vya ncha, akagonga mlango, Glenda akamfungulia kwa funguo zake, Jarrod akampa funguo. Wakatazamana. Glenda akamwambia ahsante kipenzi, polepole, akafunga.

Mafundi wa paa walikuja wiki iliyofuata, bili ikagawanywa. Julian Ormerod, tumesikia, siku hizi anapanda mpaka Zion Terrace kutazama mapaa kabla ya kumwambia mteja hakuna shida, na ni Nosheen aliyemwambia aende na mwavuli.

Jumanne ya kwanza ya Glenda kuwa na nyumba yake, madirisha ya mtaa mzima yalikuwa wazi na sisi tumejaa nje tukijifanya tunaongea. Clifford akaanza. Mstari wa kwanza, wa pili. Pakawa kimya, pumzi ndefu mpaka ikasikika barabarani, kisha wa tatu ukaingia taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na anazijua. Ilikuwa safi. Hakuna cha kukosoa.

Du, du, du.

Mpwa wa Glenda akachungulia ndani, akamuuliza anagonga ya nini sasa, mzee wa watu kapiga vizuri. Glenda alikuwa amesimama katikati ya sebule na fimbo, anatazama juu. Kwenye mkataba Nosheen aliandika kipengele chenye mstari mmoja tu kwa ajili ya lile swali, na Glenda amekikariri: mbao ni za nyumba ya juu, plasta ni ya nyumba ya chini.

"Nagonga plasta yangu, kipenzi," akasema, akagonga tena.